Kabla uuze shamba la maji, chimba shimo kwanza

Kama nyumbani kwenu ni upande wa Kesses, Cheptiret, Ainabkoi ama hata Kapseret hapa karibu na mji, hii unaijua. Mwezi wa tano umefika na mahindi yako ni ya magoti. Ya jirani aliye juu kidogo ni kijani mpaka yanakaribia kuwa meusi. Yako ni ya njano. Ukiingia shambani gambuti inazama, ukivuta mguu, mguu unatoka na gambuti inabaki. Mtu anakwambia ongeza CAN. Unaongeza. Siku tatu baadaye mvua inapiga tena, maji yanasimama kati ya laini, na pesa ya mbolea imeenda vile.

Leo tuongee kuhusu hayo maji. Najua ukurasa huu tumezoea kuongea muziki, mahusiano na hasla za mtandaoni, lakini vijana wengi wa Eldoret wanaolipa nyumba Langas, Huruma ama Kapsoya wana kipande cha shamba mahali, cha babu, cha nyanya, cha mama. Na vipande vingi vinauzwa sasa hivi, haraka sana, kwa sababu mtu alisema "hiyo shamba ni ya maji tu, haina kitu".

Mimi sikusomea kilimo. Hata kile nilichokuwa nasomea sikumaliza, na sababu ni shamba la maji.

Ekari mbili za Kogo

Nyanya yangu, sisi tunamwita Kogo, ana ekari mbili upande wa Cheptiret. Hizo ekari zilisomesha mama yangu, zikasomesha mjomba, na zikaanza kunisomesha mimi. Mahindi yakivunwa mwezi wa kumi na moja, gunia kadhaa zinabaki za kula na zingine zinageuka karo. Hiyo ndiyo ilikuwa benki yetu.

Mwaka wa 2023 tulivuna gunia 9 katika ekari zote mbili. Si kila ekari. Zote mbili. Nusu ya chini ya shamba haikufika hata mabegani, na ile iliyofika ilishika mahindi madogo kama kidole. Mimi nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Nilirudi nyumbani Krismasi na sikurudi tena darasani.

Krismasi hiyo hiyo mjomba alikuja na dalali. Dalali alitembea shamba dakika kumi, akakanyaga pale chini penye majimaji, akatikisa kichwa, kisha akataja bei. Sitaiandika hapa, lakini ilikuwa bei ya kinamasi. Barabara iko karibu, mji unapanuka, na wakati huo tayari watu walikuwa wanaongea vile Eldoret itakuwa jiji. Kweli, Agosti 15, 2024 ikapewa hati ya jiji. Yeye alijua hayo yote. Lakini maji yalimpa sababu ya kushusha bei, na sisi hatukuwa na jibu.

Kogo alisema kitu kimoja tu. "Shamba haikuwa hivi wakati babu yako alikuwa hai." Hapo ndipo nilianza kuuliza maswali.

Maji yanafanya nini kwa mahindi

Watu wanadhani mahindi hufa kwa sababu yamekunywa maji mengi. Hapana. Yanakosa pumzi.

Mizizi inahitaji oksijeni kama wewe. Udongo mzuri una vitundu vidogo, vingine vina maji na vingine vina hewa. Maji yakijaa vitundu vyote, hewa inatoka na haiwezi kurudi haraka. Kwa siku chache mizizi inaanza kuoza. Mahindi machanga ndiyo yanaumia zaidi. Kabla yafikishe majani kama sita, kile kichipukizi kinachotoa majani bado kiko chini ya udongo. Yakizama siku mbili hadi nne hapo, mengi hayainuki tena.

Halafu kuna mambo ya mbolea, na hapa ndipo doh inapotea. Nusu ya naitrojeni iliyo kwenye CAN iko katika hali ambayo, udongo ukikosa hewa, bakteria wanaigeuza kuwa gesi na inapaa hewani. Ingine inasombwa na maji. Kwa hivyo ile rangi ya njano haimaanishi kila mara kwamba hukuweka mbolea. Inawezekana uliweka na ikaruka. Ukiona majani yamegeuka zambarau pembeni, mmea unashindwa kuvuta fosforasi, hata kama DAP iko hapo chini ya mizizi.

Mfuko wa mbolea ya ruzuku kwenye maghala ya NCPB ulikuwa Sh2,500 msimu ule wa 2024. Ukiweka mifuko minne kwenye shamba lililozama, umemwaga Sh10,000 kwenye mtaro. Na hata mtaro wenyewe huna.

Kwa nini huku kwetu

Uasin Gishu ni uwanda wa juu, sehemu kubwa ikiwa zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Ni sambamba, si kama milima ya Marakwet kule ng'ambo. Udongo si mmoja. Turbo na Moi's Bridge kuna ule mwekundu unaopitisha maji vizuri. Ukija Ainabkoi unakuta mfinyanzi wa rangi ya kahawia. Na kwenye mabonde madogo kila mahali kuna ule mweusi unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi mpaka simu inaweza kutumbukia, kisha mvua ikija unavimba na kujifunga kabisa. Sehemu nyingi chini ya udongo, futi moja, mbili ama tatu, kuna moramu ngumu au mwamba. Maji yakifika hapo yanagonga sakafu.

Sasa piga hesabu na mimi. Mvua ya milimita 50, ile moja kubwa ya jioni, ikianguka kwenye ekari moja ni karibu lita 202,000. Hizo ni bauza 20 za lita 10,000 zimekuja kumwaga maji kwenye ekari yako kabla ya chakula cha jioni. Mfinyanzi unapitisha kati ya milimita 1 na 5 kwa saa. Hata ukichukua ile 5, unahitaji saa kumi bila tone lingine. Na huku mvua ya mwezi wa nne na wa tano haikupi saa kumi.

Kisha ongeza yale ambayo si yako. Barabara iliyochongwa juu ya shamba lako inakuletea maji. Paa la mabati la jirani linakuletea maji. Ule msitu mdogo uliokatwa ulikuwa unashika maji, sasa haushiki. Kogo alikuwa sahihi kwamba shamba halikuwa hivyo zamani. Kilichobadilika ni vitu vilivyo juu yake.

Shimo la futi mbili

Hii ndiyo kazi ya kwanza, na haigharimu kitu. Kabla ununue chochote, kabla uite trekta, kabla umwite dalali, chukua jembe uchimbe shimo la futi mbili mahali maji yanaposimama, na lingine mahali yasiposimama. Ulinganishe.

Angalia rangi. Udongo wenye afya ni mwekundu au kahawia mpaka chini. Ukikuta kijivu kimechanganyika na madoa ya kutu, hapo maji hukaa miezi, si siku. Ukinusa harufu ya yai bovu, hakuna hewa kabisa.

Shika udongo, ulowanishe, uufinye kati ya kidole gumba na cha shahada utoe utepe. Ukikatika haraka, mchanga ni mwingi. Ukitoa utepe mrefu wa sentimita tano au zaidi, unaong'aa, huo ni mfinyanzi mzito.

Angalia mizizi ya mwaka jana. Kama ilishuka kidogo kisha ikapinda na kutembea kando kama imegonga ukuta, kuna tabaka gumu. Mashamba mengi huku yamelimwa kwa plau ya sahani miaka na miaka kwa kina kile kile, na matairi ya trekta yakipita juu ya udongo wenye unyevu. Chini ya pale plau inapofika, udongo umeshindiliwa kama sakafu ya duka.

Mwisho, jaza shimo maji na usubiri mpaka kesho. Kama maji yameisha, tatizo lako liko juu juu. Kama yamebaki, tatizo liko chini. Kama yameongezeka na mvua haijanyesha, una chemchemi, na hiyo ni hadithi nyingine.

Shimo la Kogo lilinionyesha vitu viwili. Sehemu ya kati ilikuwa na tabaka gumu kwa kina cha karibu sentimita 20. Sehemu ya chini ilikuwa na mfinyanzi wa kijivu juu ya moramu. Lakini maji mengi hayakuwa yanaanzia kwetu. Mvua ya kwanza iliponyesha nilitoka nje na mwavuli na vigingi, nikawa nachomeka kigingi kila mahali nilipoona maji yakiingia. Yote yaliingilia upande mmoja, kona ya juu, kutoka barabarani. Jirani aliponiona nimesimama kwenye mvua nikichomeka vijiti, alidhani chuo kiliniharibu kichwa.

Kosa langu

Hapa lazima niseme ukweli, ndiyo wewe usirudie.

Mapema 2024 nilichimba mtaro wangu wa kwanza. Nilikuwa nimetazama video mbili, nikajiona mhandisi. Nilichimba mstari ulionyooka kutoka juu hadi chini, katikati ya shamba, mpaka kwenye mpaka. Ulikaa poa sana. Nilipiga picha nikaweka mtandaoni.

Unakumbuka mvua za Aprili na Mei 2024, zile za mafuriko nchi nzima. Mtaro wangu ulifanya kazi, tena kupita kiasi. Maji yalishuka kwa kasi yakachimba zaidi, yakabeba udongo wetu wa juu, na yakatua yote kwenye viazi vya mzee wa upande wa chini. Asubuhi moja alikuja na ndoo. Ndani kulikuwa na viazi vimeoza, vinanuka. Aliiweka mbele yangu, hakupaza sauti.

"Kijana," akasema, "wewe hukutoa maji. Wewe ulinitumia mimi."

Nilianza kujitetea, eti mvua ni nyingi, eti hata serikali imeshindwa. Kogo alitoka jikoni akaninyamazisha kwa macho. Alimkaribisha mzee kiti, akamletea mursik, na baadaye akaniambia nitafute gunia la mbegu ya viazi nimlipe. Nililipa kwa kazi ya mjengo, wiki tatu. Wewe uliyekulia huku unajua vile mambo ya mipaka ya shamba yamewahi kutufikisha mbali katika kaunti hii. Maji yanayovuka mpaka si kitu cha kucheza nacho. Swali la kwanza la mtaro wowote ni yataishia wapi. Swali la wapi yanaanza linafuata.

Ziba mlango kwanza

Mapema 2025, wakati wa kiangazi, nilianza upya. Safari hii nilianzia juu.

Kama maji yanaingia kutoka nje, usihangaike na katikati ya shamba kabla ya kuziba pale yanapoingilia. Unachimba mtaro wa kukata maji kando ya mpaka wa juu, ukipita kando ya mteremko, si kushuka nao. Wetu ni wa mita 80, kina sentimita 60, juu ni mpana kuliko chini ili kuta zisianguke. Udongo unatupwa upande wa chini, unakuwa tuta la kuzuia maji yasivuke. Wazee wanajua huu mtindo kwa jina, fanya chini. Ule wa kutupa udongo upande wa juu ni fanya juu, ambao watu wa Ukambani wameutumia miaka mingi kuhifadhi maji. Huku kwetu shida ni kinyume, tunataka yaende, lakini yaende polepole.

Polepole ni kiasi gani? Kwa kila mita 10 za mtaro, ushuke sentimita 3 hadi 5 tu. Zaidi ya hapo maji yanachimba. Chini ya hapo yanasimama na kujaza tope. Usikisie kwa macho, macho yanadanganya sana kwenye uwanda kama huu. Tumia mpira wa maji wa mafundi wa mjengo, ule unaoonyesha ndani. Jaza maji, mtu mmoja ashike ncha moja kwenye kijiti chenye alama, mwingine asonge mita 10. Maji kwenye ncha zote mbili yatakaa sawa. Tofauti ya kimo kutoka ardhini ndiyo mteremko wako. Hii kitu nilijifunza kwenye mjengo, si kwenye video.

Vibarua wawili na mimi, siku sita. Niliwalipa Sh500 kwa siku kila mmoja, jumla Sh6,000. Hiyo ni chini ya bei ya mifuko mitatu ya mbolea ya ruzuku.

Kuhusu mwisho wa maji, tulikaa na mzee jirani na mzee wa kijiji. Kati ya mashamba yetu na mto kuna kijibonde cha asili chenye nyasi, maji yalikuwa yanapita hapo zamani kabla ya watu kukilima. Tulikubaliana mtaro upite kwenye mpaka mpaka kwenye kijibonde hicho, nichimbe hata upande wake, na kijibonde kisilimwe tena, kibaki nyasi. Kingo tukapanda napia, ambayo anakatia ng'ombe wake na mimi nakatia wa Kogo. Tuliandika kwenye daftari la shule, tukatia sahihi watatu. Daftari liko kwa Kogo, ndani ya sanduku la hati.

Matuta mapana, na somo la Ethiopia

Kuziba mlango hakutoi mvua inayoanguka juu ya shamba lenyewe. Hapo dawa ni kuinua mmea.

Si sisi wa kwanza kuhangaika na udongo mweusi. Kule nyanda za juu za Ethiopia una mamilioni ya hekta, na wakulima wa sehemu kama Inewari walikuwa wanatengeneza matuta mapana kwa mikono zamani sana, tuta kisha mfereji, tuta kisha mfereji. Wanawake na watoto ndio walifanya sehemu kubwa ya hiyo kazi. Miaka ya 1970 watafiti wa ICRISAT kule India walijaribu mtindo wa aina hiyo kwenye udongo mweusi wao, na miaka ya 1980 watafiti wa mifugo waliokuwa na makao Addis Ababa walichukua maresha, lile jembe la mbao la Ethiopia linalovutwa na ng'ombe, wakaliunganisha mawili ili litengeneze tuta la sentimita 80 na mfereji wa 40 kwa mpigo mmoja. Hakuna trekta, hakuna dizeli. Fundi wa kijiji anaweza kulitengeneza.

Kwa mahindi unafanya hivi. Tuta na mfereji wake pamoja viwe mita 1.5, na juu ya tuta uweke laini mbili za mahindi kwa nafasi ile ile ya sentimita 75 uliyozoea. Hupotezi mmea hata mmoja. Tuta liwe na urefu wa kwenda juu wa sentimita 20 au zaidi, na mifereji yote ielekee kwenye mtaro wa pembeni. Ukisahau hiyo ya mwisho, umetengeneza mabwawa madogo marefu, basi.

Tengeneza matuta wakati udongo una unyevu kidogo, si mkavu wa mawe na si tope. Mfinyanzi una siku chache tu za kufanyia kazi. Ukiingiza trekta kwenye tope unaurudishia lile tabaka gumu ulilokuwa unakimbia.

Tabaka gumu, na fuko wa chuma

Pale katikati penye sakafu tulikodisha trekta yenye meno marefu, watu huku wanaiita chizeli ama ripa. Inapasua bila kugeuza udongo. Lakini fanya hivyo Januari au Februari udongo ukiwa umekauka, ndiyo upasuke kama biskuti. Ukifanya ukiwa na unyevu, meno yanapita kama kisu kwenye siagi na nyuma yake panafunga tena.

Kuna teknolojia ingine utaikuta ukitafuta, mtaro wa fuko. Ni chuma chenye umbo la risasi, kinavutwa na trekta yenye nguvu kwa kina cha karibu nusu mita, kinaacha tundu refu kama njia ya fuko, na maji yanapitia humo. Uingereza na New Zealand wameutumia sana. Ni rahisi kuliko kuzika mabomba, lakini unataka mfinyanzi wa kutosha, unyevu kule chini na ukavu huku juu. Kwenye udongo mweusi unaopasuka nyufa, tundu halidumu. Kwa ekari mbili za Kogo, zenye moramu chini, haikuwa na maana. Usilipe mtu kwa sababu ana mashine.

Kile ambacho hakina haraka lakini kinasaidia ni samadi na mabua. Acha kuchoma mabua. Yakioza shambani udongo unashikana kwa vipande vidogo na vitundu vinarudi. Na upime udongo. Chuo Kikuu cha Eldoret, kilichoanza 1946 kama kituo cha kufundishia wakulima wakubwa, kina watu wa sayansi ya udongo. DAP ya miaka mingi huongeza asidi, na chokaa inaweza kuwa inahitajika kuliko mfuko mwingine wa mbolea.

Shamba la maji si kinamasi

Hapa tafadhali nisikize. Kuna shamba linalosimamisha maji, na kuna kinamasi. Kama maji yapo mwaka mzima, mafunjo yanaota na vyura hawahami, hiyo ni ardhi oevu. Usiikaushe. Sheria ya mazingira ya 1999, EMCA, inakataza kukausha ardhi oevu bila idhini ya NEMA, na kanuni za 2009 zinataka uache ukingo wa mto kati ya mita 6 na 30. Si sheria ya kusumbua maskini. Vinamasi ndivyo vinavyoshika maji ya Mei na kuyatoa polepole Januari wakati mito inapungua. Hapo Trans Nzoia, Saiwa ni mbuga nzima ya kitaifa iliyotengwa 1974 kwa ajili ya kinamasi na nzohe wanaoishi humo.

Na usipande mikaratusi kando ya mto ukidhani umepata pampu ya bure. Inakunywa kweli, lakini haichagui. Itakunywa na kisima chako.

Kama kona moja ya shamba inakataa kukauka, ibadilishie kazi. Kona yetu ya mwisho kabisa chini, tuliacha mahindi tukaweka nduma. Nduma inapenda miguu ndani ya maji. Jumamosi asubuhi Kogo anauza kwa watu wanaoenda sokoni Cheptiret na hakuna anayemuuliza kama shamba ni la maji.

Tulipofika

Mwaka wa 2024, pamoja na ule mtaro wangu wa kijinga, tulivuna gunia 14. Mwaka wa 2025 tulivuna 27. Sisemi ni mitaro peke yake. Kila msimu una mvua yake, na tulibadilisha mbegu, na nilikuwa nyumbani kupalilia kwa wakati. Lakini nusu ya chini ilifika juu ya kichwa changu, na mimi si mfupi.

Je, nimerudi chuoni? Bado. Kwanza tulilipa deni la duka la mbegu. Mjomba bado anataka kuuza, na ni haki yake kusema, ana watoto shuleni. Dalali alirudi mwezi wa kumi na mbili. Alitembea shamba dakika kumi, akatafuta ile sehemu ya majimaji, hakuiona, akataja bei ingine. Ilikuwa juu zaidi, si kidogo. Mjomba alinyamaza. Kogo akasema watu wangoje mavuno mengine mawili ndipo waongee. Tunangoja.

Wewe una mpaka mvua za Machi. Kiangazi ndicho kipindi cha kuchimba. Nenda nyumbani wikendi moja, beba jembe, chimba mashimo mawili na ulale huko uone asubuhi maji yako wapi. Ongea na jirani wa chini kabla hujagusa udongo. Na mvua ya kwanza ikianza kupiga mabati, usijifungie ndani na simu. Vaa gambuti, chukua vigingi, toka nje uangalie yanaingilia wapi.